Neno "Hufai" Lisisemwe Koridoni

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Sumbawanga. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nimepunguza utani tu.)



Kwanza tuweke sawa jambo moja. Kwa miaka mingi, ukisema "Ufipa" ndani ya chama chetu, watu walikuwa wanafikiria mtaa wa Kinondoni, kule yalikokuwa makao makuu. Leo tupo Ufipa yenyewe, juu huku kwenye upepo na baridi, kwenye mahindi na maharage. Na mada niliyopewa, ingawa ni ya sheria, ni ya huku huku. Kuna nyumba Laela, Matai na Namanyere ambazo zinauza magunia ili mtoto akasome uuguzi, ualimu, udaktari au sheria. Swali langu leo ni moja tu. Mtoto huyo akifika mwaka wa tatu akaambiwa "wewe hufai kwa kazi hii", ni nani anayesema hivyo, kwa utaratibu gani, na yeye anajibia wapi?

Kozi za taaluma si kama kozi nyingine

Anayesoma fasihi akiwa mlevi, hasara kubwa ni yake. Anayesoma uuguzi akiwa mlevi, hasara ni ya mama aliyelala wodini. Mwalimu mwanafunzi aliyepelekwa shule kwa mazoezi ya kufundisha, akaanza kutongoza mabinti wa kidato cha pili, huyo hata akipata A zote hafai. Mwanafunzi wa sheria anayeghushi saini leo, kesho ataghushi hati ya shamba la bibi yako. Kwa hiyo tuelewane mapema, mimi sikuja kutetea uzembe. Mgonjwa wa Kalambo ana haki ya kuhudumiwa na mtu anayefaa, sawasawa na mgonjwa wa Masaki.

Ndiyo maana taaluma hizi zina vyombo vyake. Madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika. Wauguzi wana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Walimu wametungiwa sheria ya bodi yao ya kitaalamu mwaka 2018. Sisi wa sheria, ukimaliza shahada unakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, halafu unapeleka ombi kwa Jaji Mkuu, na mwenendo wako unaangaliwa kabla hujaapishwa kuwa wakili. Ukishakuwa wakili, ukilalamikiwa, kuna Kamati ya Mawakili.

Mtaalamu aliyesajiliwa, basi, akituhumiwa anajua mlango ni upi. Kuna tuhuma za maandishi, kuna kikao, kuna rufaa. Sasa mwangalie mwanafunzi. Mgonjwa anamwita nesi, chuo kinamwita mtoto. Amevaa sare, anashika sindano, lakini bado hana namba ya usajili. Yupo katikati, na hapo katikati ndipo watu wanapopotea kimyakimya.

Binti wa shangazi yangu

Nitasimulia kisa kimoja, kwa ruhusa ya mwenyewe. Jina nabaki nalo, na chuo sikitaji, maana nia yangu si kumfunga mtu kamba shingoni.

Binti wa shangazi yangu alikuwa mwaka wa tatu, shahada ya uuguzi, mbali na mkoa huu. Siku moja akiwa wodini kwenye mafunzo kwa vitendo alianguka kifafa. Haikuwa mara ya kwanza maishani mwake, ila ilikuwa mara ya kwanza mbele ya watu wa chuo. Hakuna mgonjwa aliyeumia. Alipoamka, wenzake walikuwa wameshasogea pembeni. Wiki ile ile aliitwa koridoni na mtu mmoja wa idara, akaambiwa kwa sauti ya upole kabisa, "Binti yangu, kazi hii si yako. Nenda nyumbani upone kwanza."

Hakupewa barua, wala hakuna daktari aliyeombwa kutoa maoni. Hakuambiwa apone hadi kiwango gani, arudi lini, na nani atamwangalia akirudi. Hakufukuzwa, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kukatia rufaa. Hakusimamishwa, kwa hiyo hakukuwa na muda wa kuhesabu. Mkopo ukasimama, jina likabaki kwenye orodha, na yeye akapanda basi kurudi Matai.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzitumia ipasavyo. Kwa hiyo swali la huyu binti lilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la kitabibu. Je, akitumia dawa anadhibitiwa? Je, kuna kazi ambazo asipangiwe peke yake, kwa mfano zamu ya usiku au chumba cha upasuaji? Inawezekana baada ya kuangaliwa vizuri jibu lingekuwa kweli, uuguzi wa wodini haumfai, ahamie kozi nyingine ya afya. Ningekubali. Tatizo langu ni kwamba swali halikuulizwa. Aliyeamua aliamua kwa kumwangalia.

Sisi watu wa Sumbawanga tunalijua hili

Jamani, kama kuna watu Tanzania hii wanaojua maana ya kuhukumiwa kwa kutazamwa, ni sisi. Wazee wanatuambia Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Lakini nenda chuo chochote Dar, ukisema unatoka Sumbawanga mtu anavuta kiti chake. Eti usimkasirishe huyu, utaamka uko juu ya paa. Tunacheka nao, basi. Ila tunajua kicheko hicho kikihamia kijijini kinakuwa kitu kingine. Bibi kizee macho mekundu kwa moshi wa kuni, mtoto wa jirani akifa kwa malaria, bibi anaanza kuogopa kulala kwake.

Sheria ya Uchawi tuliyorithi kwa mkoloni, ya mwaka 1928, ina upungufu mwingi, lakini jambo moja ililiona. Kumtuhumu mtu uchawi hivihivi mtaani ni kosa. Yaani hata mkoloni alielewa kwamba kuna maneno ambayo, yakishatamkwa, mtu hawezi kuyafuta. "Hufai" ni neno la namna hiyo. Kwa hiyo lisemwe na mwenye mamlaka, kwa ushahidi, baada ya kumsikiliza anayesemwa. Likisemwa koridoni linakuwa ramli.

Katiba inasemaje

Nawaombeni muikariri Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya 1977. Haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au na chombo kingine chochote, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ana haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Shikeni hayo maneno "chombo kingine". Kamati ya chuo ni chombo. Idara ikiamua hatima yako, imejigeuza chombo.

Na kesi kubwa ya jambo hili ina jina la barabara yetu. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai Namba 45 ya 2000 ya kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts, ilisema kwamba haki ya asili si tena kanuni tuliyoazima kwa Waingereza, imekuwa haki ya msingi ya kikatiba. Kesi yenyewe haikuhusu chuo, lakini msingi wake unanukuliwa na majaji mpaka leo kila mtu anapohukumiwa bila kusikilizwa. Wanasheria wa nchi nzima wakitaka kusema "huwezi kumhukumu mtu hujamsikia", wanasema Mbeya-Rukwa. Hiyo ni zawadi ya huku kwetu kwa sheria ya Tanzania, na sisi wenyewe hatuijui.

Neno hili likishuka kutoka juu

Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,800 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati, Chuo Kikuu cha Dodoma, waliambiwa waondoke ndani ya saa 24. Sababu ya kwanza iliyosikika ilikuwa wahadhiri kutofundisha. Siku chache baadaye, Rais Magufuli akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sababu ikawa nyingine. Hawana sifa, ni "vilaza". Wabunge wetu walitaka jambo lijadiliwe bungeni, kiti kikakataa. Baadaye vyeti vyao vikachambuliwa, na wengi wakapangiwa vyuo vya ualimu vya serikali.

Angalieni mpangilio huo. Adhabu ilitangulia, sababu ikafuata, uchunguzi ukaja mwisho. Inawezekana kabisa wapo ambao hawakustahili kuwa pale. Lakini huwezi kumjua asiyestahili kwa kuwafukuza wote usiku mmoja halafu ndio uanze kusoma vyeti. Mtego wa panya huo, hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo. Na fikiria mzazi wa Kirando anayesikia redioni kwamba mwanawe ni kilaza, kabla mtoto mwenyewe hajafika stendi.

Miaka 4 kabla ya hapo, kwenye mgomo wa madaktari wa 2012, madaktari waliokuwa bado kwenye mafunzo kwa vitendo walisimamishiwa usajili wao wa muda na kuitwa mbele ya baraza lao. Wale walikuwa na usajili wa muda tu, hawajakomaa kwenye kazi, na ndio walioguswa haraka. Sisemi mgonjwa aachwe afe. Nasema aliye kwenye mafunzo ndiye mwenye shingo laini kuliko wote, na kila mwenye kisu anajua hilo.

Hata mwenye wakili wake hayupo salama. Fatma Karume alisimamishwa uwakili Tanzania Bara Septemba 2019, katika shauri ambalo alikuwa anamtetea mwanasiasa wa upinzani, na mwaka uliofuata Kamati ya Mawakili ikamwondoa kwenye orodha. Juni 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi wa kamati. Yeye ni rais wa zamani wa Chama cha Mawakili Tanganyika, anajulikana dunia nzima. Binti wa Matai atatenguliwa na nani?

Vitu vitatu visivyochanganywa

Kwenye vyuo vyetu mambo matatu yanapikwa chungu kimoja.

La kwanza ni ufaulu. Mwaka 2022 nchi nzima iliongea kuhusu matokeo ya taasisi yetu ya uanasheria kwa vitendo. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Kelele zikapigwa, Waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Lile lilikuwa suala la mtihani, na mtihani una kanuni zake.

La pili ni nidhamu. Umevunja kioo cha bweni, umepiga mtu, umeibia mtihani. Hapo tunaangalia nyuma, ulifanya au hukufanya, na adhabu yake ni ipi.

La tatu ndilo letu la leo, kufaa. Hapa tunaangalia mbele. Je, mtu huyu, kwa hali aliyonayo sasa, akikabidhiwa mgonjwa au mtoto au mteja, kuna hatari? Na hatari hiyo inaweza kupunguzwa kwa matibabu, kwa usimamizi, kwa mafunzo zaidi? Mgonjwa hapaswi kupewa adhabu ya mkosaji. Na mkosaji asijifiche kwenye ugonjwa. Ukichanganya, aliyeanguka kifafa anaondoka kama mwizi, na aliyemgusa mwanafunzi wake anahamishiwa shule nyingine kwa mazoezi kana kwamba alipata mafua.

Wenzetu wamelitenganisha. Uingereza, vyuo vinavyofundisha udaktari na uuguzi vina kamati maalumu ya suala hili. Kamati inaweza kusema hakuna tatizo, au ikatoa onyo, au ikaweka masharti, au ikamsimamisha mtu kwa muda, na kumwondoa ni hatua ya mwisho. Asiyeridhika, akimaliza ngazi za chuo, anapeleka lalamiko kwenye ofisi huru nje ya chuo. Afrika Kusini, baraza la taaluma za afya linasajili hata wanafunzi, na suala la ugonjwa linakwenda kwenye kamati ya afya, mbali na kamati za makosa. Kumbe inawezekana, na Afrika hii hii.

Tunachodai

Ningeomba chama kibebe mambo sita, na yasiishie kwenye hotuba.

Moja, kila chuo chenye kozi ya taaluma kiwe na kanuni za kufaa zilizoandikwa, mwanafunzi apewe siku ya kwanza, kwa Kiswahili pia.

Mbili, tuhuma au wasiwasi wowote uandikwe, na mhusika apewe muda wa kujibu.

Tatu, pakiwa na suala la afya, daktari asiye mwajiriwa wa idara ile atoe maoni, na siri ya ugonjwa ilindwe.

Nne, hatari ikiwa ya haraka, mwanafunzi aondolewe wodini au darasani kwa muda. Mgonjwa na mtoto kwanza. Lakini muda huo uwe na tarehe ya mwisho.

Tano, aliyelalamika asikae kuhukumu, na aliyehukumu asikae kusikiliza rufaa.

Sita, kadi ya chama isiwe kipimo cha mwenendo. Ibara ya 20 inatupa uhuru wa kujumuika. Nesi wa CHADEMA anachoma sindano ile ile anayochoma nesi wa CCM.

Sasa hapo kwenye la tano, najua kuna watakaonuna. Lakini mmenialika niseme sheria. Desemba 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi wa Baraza Kuu letu kuhusu wale wanachama 19 wa viti maalumu, kwa sababu waliokuwa Kamati Kuu wakati wa kuwafukuza ndio hao hao waliokaa tena kwenye Baraza Kuu kusikiliza rufaa. Mimi sikubaliani hata kidogo na walichokifanya wale 19. Lakini kanuni ni kanuni. Mkuki kwa nguruwe usiwe mtamu. Hatuwezi kukiambia chuo kikuu "aliyehukumu asisikilize rufaa" halafu sisi nyumbani tukafanya hivyo. Tukiomba dola, tuombe tukiwa tumeshajifunza kuwasikiliza hata tunaowachukia.

Ukiitwa wewe

Mwisho niwaachie kitu cha mkononi, wana-CHASO hasa.

Ukiitwa koridoni, sikiliza kwa adabu, salimia, kisha omba barua. Sema, "Mwalimu, nashukuru, naomba nipewe kwa maandishi na kanuni inayohusika." Wasipokupa, rudi chumbani uandike wewe, "Leo tarehe fulani niliambiwa hivi na hivi, naomba uthibitisho," upeleke masjala, upigiwe muhuri kwenye nakala yako. Usisaini barua ya kujiondoa mwenyewe ukiwa na hofu. Hiyo ndiyo inayoua kesi nyingi, kwa sababu chuo kitasema aliondoka kwa hiari. Omba kuingia na mtu kwenye kikao. Tunza vyeti vya hospitali. Maliza ngazi za rufaa za chuo. Ikishindikana, kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na kuna Mahakama Kuu, ipo hapa hapa Sumbawanga. Ila kumbuka, kuomba kibali cha kuupinga uamuzi wa mamlaka kwa njia ya mapitio ya mahakama, muda ni miezi 6. Ukikaa nyumbani mwaka mzima ukisubiri wapoe, umechelewa.

Na kwa makamanda wa mkoa, naomba kazi moja, si kubwa. Kabla vyuo havijafunguliwa, kila mwana-CHASO anayesoma kozi ya taaluma alete nakala ya kanuni za chuo chake. Sisi wa sheria tutakaa tuzisome, tuandike kwenye ukurasa mmoja mmoja kile zinachosema na kile zinachokwepa, tuwape wenzetu kabla hawajapanda basi. Binti wa shangazi yangu ameshaandika barua yake ya kwanza kwa chuo wiki iliyopita, tumeiandika wote mezani kwa shangazi, na imepigwa muhuri wa kupokelewa. Tunasubiri jibu. Likija nitawaletea hapa hapa, liwe zuri liwe baya.